Baba Hakukitaja Kifaransa

Mkonze, 9 Februari 1909

Kwa shangazi yangu Priska, huko Bagamoyo kwa mapadri.

Shikamoo, shangazi. Sisi tu wazima, isipokuwa mguu wa mama ambao bado unatabiri mvua isiyokuja. Uwele umetoka nusu ya shamba, nusu nyingine wamefaidi ndege. Ng'ombe mweupe amezaa, na kwa bahati amezaa jike. Baba hajambo. Nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza kama ana neno la kukutumia, akasema ana mpini wa kuchonga. Kila nikikuandikia, baba ana mpini wa kuchonga.

Sasa jambo lenyewe. Wadachi wanaleta reli yao mpaka huku kwetu, na mpimaji wao amekwisha kufika. Sisi tunamwita Bwana Vigingi, maana popote apitapo anachomeka kigingi. Alifika kwetu jua likiwa kali. Baba akampa kigoda, mama akamtengea ugali wa uwele na mlenda, naye akala mpaka akalamba vidole. Hapo wote tukampenda. Halafu akauliza, kwa kinywa cha mkalimani wake Hassani, kile kisima cha korongoni ni cha nani. Baba akamjibu, "Ni chako, bwana."

Wewe umezaliwa nyumba hii, unaelewa. Mgeni aliyeketi kwako, na tonge bado li mkononi mwake, unaanzaje kumwambia "changu"? Lakini Hassani akatafsiri neno kwa neno, hakuzidisha wala hakupunguza, na mzungu akamshika baba mkono akamshukuru sana. Kesho yake tukaona vigingi kando ya kisima, upande huu na upande ule. Tuta la reli litapita juu yake. Kisima alichokichimba babu, ambacho mvua ikikatika kinanywesha Mkonze nzima, watu na ng'ombe!

Nilimwomba baba twende tukamweleze yule bwana. Alinitazama kana kwamba nimetema mate ndani ya chungu. Akasema neno alilopewa mgeni halirudi kinywani. Kisha akatukataza sote, mbele ya wazee, tusilitaje jambo hili kwa mzungu yule, si kwa Kigogo wala kwa Kiswahili.

Kifaransa hakukitaja.

Hassani kaniambia Bwana Vigingi si Mdachi, ni Mswisi, na akiimba au akijigonga kidole kwa nyundo, kinachomtoka ni Kifaransa. Shangazi, wewe lugha hiyo unaijua. Nifundishe. Wachimbaji wa tuta wanakuja baada ya mavuno, na barua zetu zinatembea polepole, kwa hiyo siwezi kujifunza yote. Pale misheni ya Mvumi nilisomeshwa, najua kwamba vitenzi vya wazungu vina nyakati nyingi. Nichagulie wewe: zipi zina faida, na zipi niziache?

Ni mimi mwanao,
Yudith

———

Bagamoyo, 14 Machi 1909

Marahaba, mwanangu Yudith.

Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa na pasi ya moto mkononi, na kanzu ya padri mmoja sasa ina alama ambayo haitoki. Sijambo, kikohozi kimeniacha. Vanila ya mapadri imezaa sana mwaka huu na shamba lote linanukia kama keki ya sikukuu. Mpe mama yako pole ya mguu. Kaka yangu mwambie, la, usimwambie kitu. Muache na mpini wake.

Nimecheka mpaka masista wakaja kuniuliza. Wagogo! Watu waliotoza misafara yote hongo ya maji, Mwarabu akalipa, Mnyamwezi akalipa, mzungu naye akalipa, leo kaka yangu anagawa kisima kizima kwa sababu ya mlenda! Najua utasema hongo ni ya mpita njia na aliyekula kwako ni mgeni. Najua. Hata hivyo nimecheka.

Na wewe ujanja wako umezidi. Hilo halikunichekesha, lilinipendeza.

Haya, sikiliza. Kifaransa kina nyakati nyingi kama viroboto wa mbwa. Masista wanazo zote. Mimi nimeishi hapa na mbili tatu tu, na sijalala na njaa. Shika kwanza wakati wa sasa. *Je creuse*, ninachimba. *Vous creusez*, unachimba, kwa heshima. *Nous creusons*, tunachimba. Hao Wafaransa hawana "hu" kama sisi. "Ninakunywa" na "hunywa" kwao ni kitu kimoja, *je bois* basi. Kwa hiyo ukilipa mara moja unapata mawili, biashara nzuri.

Pili, kuamuru. *Venez*, njoo. *Regardez*, tazama. *Creusez*, chimba. Ukimwamuru mzungu kwa sauti ya upole anadhani umemsihi, na anakuja.

Ujao usijisumbue nao. Nani Ugogo anajua ya kesho? Kuna mwingine wa vitabuni tu, unafanya kazi ya "ka" yetu: akaenda, akaona, akafa. Ulale huko huko vitabuni. Kuna wa kuomba na kuogopa, masista wanaupenda mno kwa kuwa wanaogopa mengi. Wewe usiogope.

Uliopita haufai. Usijifunze.

Nimekuandikia maneno nyuma ya karatasi: maji, kisima, baba, babu, jembe, kesho na mengineyo, pamoja na namna ya kuyatamka. Yaseme kwa sauti. Lugha ya kimoyomoyo haimfikii mtu.

Shangazi yako,
Priska

———

Mkonze, 20 Aprili 1909

Shikamoo, shangazi, na pole kwa ile kanzu.

Mvua ilikuja ikatuaga siku hiyo hiyo, lakini mtama umeshika. Mama anakusalimu. Baba amemaliza mpini, sasa anachonga mwingine.

Najifunza nikiwa machungani. Mbuzi nimewaambia *venez* mpaka sauti imekauka, hawaji, ila wanasimama wakinitazama kwa adabu. Baba alinisikia jioni moja nikisema *nous creusons, vous creusez*, akamwuliza mama kama nasali. Mama akamjibu kwamba kwa kelele zile Mungu lazima asikie. Wa sasa nimeushika sawasawa, na kuamuru nakuweza, pengine nilizaliwa nako.

Lakini shangazi, uniwie radhi, ukaidi nimeurithi kwenu. Umeniambia uliopita haufai. Haufai vipi? Mimi nataka kumwambia yule bwana kwamba babu ndiye aliyechimba, kwamba watu walikunywa hapa kabla Mdachi hajaonekana, kwamba hata miaka ya njaa maji yale hayakukauka. Shauri gani la kisima au la ng'ombe umewahi kulisikia likasemwa bila "ali" na "wali"? Nikisimama mbele yake na *je bois, je bois* peke yake, ataniona mlevi.

Au uliopita umekusahau wewe? Kama hukumbuki, waulize masista, haina aibu.

Vigingi vimeongezeka. Tafadhali usikawie.

Mwanao,
Yudith

———

Bagamoyo, 27 Juni 1909

Mwanangu Yudith,

Nimekawia. Nilikuwa mzima, sina kisingizio cha homa. Huku joto limepungua, na sista mzee wa kufulia amekufa, Mungu amlaze pema. Ndiye aliyenifundisha haya yote kwa kunipiga vidole kwa ubao wa sabuni, na nimemlilia kuliko nilivyotarajia.

Uliopita haujanisahau. Chukua.

Ni nyakati mbili. Wa kwanza ni wa mambo yaliyokuwa yakiendelea, kama sisi tunavyosema "alikuwa akifanya". *Mon père creusait*: baba alikuwa akichimba. *Je portais le sable*: nilikuwa nikibeba mchanga. *J'étais petite*: nilikuwa mdogo.

Wa pili ni wa jambo lililotendeka likaisha. *La faim est venue*: njaa ilikuja. *Nous avons marché avec le sel*: tulitembea na chumvi, mimi na wanawake wa kwetu, kwenda kuibadili kwa nafaka kwenye msafara. *On m'a prise*: nilikamatwa. *Je ne suis pas rentrée*: sikurudi. Hapo mwishoni andika e mbili kwa kuwa msemaji ni mwanamke. Wewe pia ni mwanamke, kwa hiyo usisahau.

Basi. Mifano mingine tunga mwenyewe.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu kila mtu huliuliza. Mapadri wakanikomboa, nikawa huru, nikakua, njia ya kwenda Ugogo nilikuwa naiona kila siku, mbona sikurudi? Usiniulize, nami sitakuuliza kwa nini kaka yangu hakutuma mtu kunitafuta.

Kisima hicho nilikuwapo kilipochimbwa. Kipiganie.

Priska

———

Mkonze, 15 Agosti 1909

Shangazi yangu, shikamoo, shikamoo tena, na mbukwa, salamu ya kwetu, juu yake!

Leo siwezi kuanza na mguu wa mama. Kisima ni chetu! Vigingi vimeng'olewa, reli itapita kule ng'ambo ya mawe. Mguu wa mama nao umepona, lakini nadhani ni kwa kucheza ngoma.

Sasa kaa chini nikusimulie. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya kufukua. Unakumbuka bila shaka: mvua ikiisha korongo limekwisha kukifukia kisima, na kijiji kizima kinashuka kutoa mchanga mpaka maji yaonekane. Nilikariri mifano yako usiku na asubuhi, na siwezi kusema sikulia. Kisha nikamfuata Bwana Vigingi kambini. Nikasema, "*Mon grand-père a creusé ce puits.*" Kofia ilimdondoka! Akaanza kumimina Kifaransa kama mtu aliyefunguliwa kamba, mimi nikashika neno moja katika kumi. Lakini aliponielewa ninachotaka, alitabasamu kwa huruma akatikisa kichwa. Alisema anajua babu yangu alichimba, tena alichimba vizuri, ila baba yangu amempa. *Donné.* Neno hilo nilikuwa nalijua.

Uliopita wote niliouhangaikia umekwisha pale pale, na huyu bwana hakuwa mwizi wa kumkasirikia. Kweli amepewa. Ningesema hakupewa ningekuwa namwita baba mwongo.

Nikageuka niondoke, nikaona vijana wanashuka korongoni na majembe kuandaa kazi ya kesho. Ndipo likanijia. Kama kisima ni chake, basi na kiwe chake kweli! Nikarudi. Nikamwambia kwa sauti ya upole, kama ulivyonifundisha: "*C'est votre puits. Demain, vous creusez. Venez.*" Nikatumia wakati wa sasa kwa jambo la kesho, na mbingu haikuanguka.

Na akaja! Mwenye kisima ndiye huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, wewe unajua. Baba alimpa jembe mwenyewe, kwa mikono miwili, uso wake hauonyeshi kitu. Bwana Vigingi akavua viatu, akaingia. Alidhani ni kuchota chota kwa heshima. Jua likapanda, mchanga ukamfika magotini, sisi tunaupokea kwa vibuyu na kuimba, naye kila akitaka kutoka watu wanamwambia kwa adabu kwamba bado, mwenye kisima hatoki. Mchana wakamwuliza Hassani chakula cha wachimbaji ki wapi. Hassani akamtafsiria bwana wake kwamba mwenye kisima ndiye hulisha. Mchele wote wa kambi ukapikwa. Tulikula mpaka wazee wakafungua mikanda.

Maji yalipotokeza alipiga kelele ya furaha kama mtoto, na mimi nikampenda tena. Akadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo walipomjia na mashauri. Huyu anasema ng'ombe zake watangulie kunywa kwa kuwa nyumba yake ni ya zamani, yule anasema mwaka jana alirukwa, mjane mmoja anasema uzio wa miiba upande wake haukutengenezwa, na mwenye kisima yuko wapi. Wote wanamtazama yeye. Hassani anatafsiri mpaka koo limekauka. Bwana Vigingi aliketi juu ya mchanga, matope mpaka kwenye ndevu, akaniuliza mimi kwa Kifaransa kama mambo haya huwa kila mwaka. Nikamjibu, "*Vous creusez. Vous donnez. Tous les ans.*" Na wa sasa wao, kama ulivyosema, una "hu" ndani yake.

Akacheka. Alicheka kwa muda mrefu. Kisha akasimama mbele ya baba, akasema kwa kinywa cha Hassani, watu wote wakisikia: "Mzee, umenipa zawadi kubwa kuliko nguvu zangu. Mimi ni mtu wa njiani. Nakuomba ukichukue unitunzie."

Baba akakataa. Mgeni akamwomba tena, baba akakataa. Mimi nataka kumziba mdomo mzazi wangu. Mara ya tatu baba akasema, "Kwa kuwa ni mgeni ndiye anayeniomba, siwezi kumnyima." Shangazi, ungesikia vigelegele! Mama alirusha kibuyu juu, kikashuka juu ya kichwa cha Hassani.

Jioni, tukiwa tunarudi, baba akanijia ubavuni. Akaniuliza, "Hicho Kifaransa, kina maneno mengi?" Nikasema machache tu. Akasema, "Yametosha." Hajawahi kunisifu zaidi ya hapo.

Liko jingine. Kazi ikiisha, mwenye kisima huita zamu za nyumba yetu kwa majina, na kila aitwaye hushuka akachota. Kila mwaka baba humwita mtu mmoja ambaye hayupo. Huita "Nyemo", hungoja, kisha hushuka mwenyewe, huchota kata moja na kuimimina horini. Tangu utotoni nilidhani ni marehemu fulani wa zamani. Safari hii, labda kwa sababu nilikuwa nimewazoea wafu na waliopotea wa mifano yako, nilimwuliza Nyemo ni nani.

Baba alikuwa na mpini mkononi. Akauweka chini. Akasema, "Muulize shangazi yako."

Basi nakuuliza.

Mwanao mwenye furaha,
Yudith

———

Bagamoyo, 2 Mei 1910

Mwanangu Yudith, mshindi wa Mkonze,

Najua umekwisha kuamua kwamba nimenuna. Ulituma barua nyingine mbili na hukupata hata mstari. Sikununa. Nilikuwa naianza barua hii, naichana, naianza, mpaka masista wakaniuliza karatasi zinakwenda wapi.

Ile ya ushindi wako nimeisoma kwa sauti kwa kila aliyekubali kusikiliza na kwa wengine waliokataa. Nimepiga vigelegele ndani ya chumba cha kufulia, peke yangu, mwanamke wa umri wangu! Huyo Mswisi ana moyo, na wewe una akili ya babu yako. Kaka yangu naye, kukataa mara mbili ilhali kisima kimekwisha kurudi mlangoni! Ningekuwapo ningemfinya.

Kuhusu nyakati, nilikosea moja na nilipatia moja, kwa hiyo bado mimi ni mwalimu wako. Uliopita unafaa. Haukukushindia kisima, lakini mimi umenifaa, maana tangu nilipokuandikia ile mifano nalala usingizi.

Umeniuliza Nyemo ni nani. Ni jina alilonipa baba yangu. Hapa hakuna anayelijua. Mapadri walinikuta na jina nililopachikwa msafarani, wakanipa hili la Priska, nami lile la baba nikalifungia ndani nisije kulichafua. Nilidhani huko kwetu lilikwisha kufa na njaa ile. Wala sikujua kwamba kila mwaka lilikuwa linaitwa kwa sauti korongoni, na mtu mzima anasimama anangoja niitike. Miaka yote hii mimi nasema hakunitafuta! Nimelia, Yudith, na ni kilio kizuri, nimetoka humo mwepesi.

Nimekwisha kuwaaga masista. Wananifungia nguo na kunipa dawa za kila ugonjwa uliopo duniani. Nitakwenda Dar es Salaam, nipande gari la moshi mpaka reli inapoishia, na kutoka hapo nitatembea na watu wanaopanda bara. Miguu ninayo, na njia ile niliwahi kuipita nikiwa mdogo na nimefungwa. Nikiwa huru haiwezi kunishinda. Kigogo nimekisahau nusu, mnivumilie, mtanicheka kwa wiki mbili kisha mtazoea.

Nitafika kabla ya kufukua. Mwambie kaka yangu aliite jina kama kawaida yake, wala asibadili kitu. Ila akishaliita asishuke yeye. Nitachota mwenyewe.

Shangazi yako,
Nyemo